Lipia Kioo Kwanza: Mwongozo wa Kupima TV Bapa Kabla ya Kuinunua

Mkoani Singida vitu vikubwa vya nyumba hununuliwa baada ya mavuno. Alizeti ikishauzwa, au vitunguu vikishapakiwa kwenye lori, mtu hutoka Ikungi, Mkalama au Iramba na fedha mkononi, akaingia maduka ya Singida mjini, na jioni akarudi na boksi refu la televisheni. Fedha hiyo ni jasho la msimu mzima. Inauma kuiona ikiishia kwenye kioo kilichopauka baada ya mwaka mmoja, na inauma zaidi kwa sababu kasoro nyingi za TV huonekana kabla hujalipa, ukijua pa kutazama.

Udhaifu wa TV bapa ni wa aina mbili. Kuna udhaifu unaotibika baadaye kwa fedha kidogo: sauti nyembamba, intaneti nzito, matundu machache ya kuchomekea vifaa. Na kuna udhaifu utakaoishi nao mpaka siku ya kuitoa TV ndani ya nyumba, nao ni kioo hafifu. Kioo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei. Kikipasuka au kikianza kutoa mistari, gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya TV mpya, na kwa modeli nyingi spea yake haipatikani kabisa. Ndiyo maana nasema lipia kioo kwanza. Kinachofuata ni umeme, maana ndio unaoua TV nyingi kabla ya siku zake. Mengine yote yapime mwishoni, wala usikubali yakupandishie bei.

Pima nyumba yako kabla ya kupima TV

TV inayofaa ni ile inayokifaa chumba chako. Kabla ya kwenda dukani, jua mambo matatu.

La kwanza ni umbali kutoka ukuta wa TV hadi kochi. Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa ulalo, kutoka pembe ya juu ya upande mmoja hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Inchi 32 ni sentimita 81 za ulalo na kama 71 za upana. Inchi 43 ni sentimita 109 za ulalo na 95 za upana. Inchi 55 ni 140 kwa 122. Chukua ulalo uuzidishe kwa moja na nusu, kisha uuzidishe kwa mbili na nusu. Kati ya majibu hayo mawili ndipo panapofaa kukaa. Kwa inchi 32 utapata kama mita 1.2 hadi 2. Kwa inchi 43 ni mita 1.6 hadi 2.7, na kwa inchi 55 ni mita 2.1 hadi 3.5. Pima pia meza au kabati litakaloibeba TV, kwa kuwa TV nyingi za sasa zina miguu miwili iliyo mbali, mmoja kila ncha, na meza fupi haitaitosha.

Umbali huohuo ndio unaoamua kama 4K ina maana kwako. Kioo cha Full HD kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani mara nne. Lakini jicho nalo lina mpaka wake. Kwenye TV ya inchi 43 ya Full HD, nukta moja ina upana wa nusu milimita hivi, na mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hawezi tena kuitenga na jirani yake. Kwa inchi 55, mpaka huo ni kama mita 2.2. Ikiwa kochi lako liko mita tatu kutoka ukutani na unafikiria inchi 43, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya 4K peke yake. Isitoshe, chaneli nyingi za ving'amuzi vyetu hazirushwi kwa 4K, na kioo hakiwezi kuonyesha kisicholetwa.

La pili ni mwanga. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki anga ni jeupe na jua huingia sebuleni bila kizuizi. Simama mahali TV itakapokaa, utazame upande wa kochi. Ukiona dirisha au mlango ulio wazi nyuma ya kochi, mwanga huo utarudi usoni mwa mtazamaji kila mchana. Hapo utahitaji kioo chenye mwanga mkali na uso usiomeremeta sana, au itakubidi uhamishe mahali pa TV.

La tatu ni umeme. Jua kama unatumia umeme wa TANESCO au sola, na kama nyumba yako iko karibu na transfoma au mwisho wa laini. Vijiji vingi vilivyopata umeme kupitia miradi ya REA vina nyumba zilizo mbali na transfoma, na jioni watu wote wanapowasha taa umeme hupungua nguvu. Jambo hili litarudi mbele, maana TV haziustahimili upungufu huo kwa kiwango sawa.

Soma maandishi ya boksi bila kuharakishwa

Karibu TV zote za bei ya kawaida zimeandikwa LED. Maana yake ni kioo cha LCD kinachomulikwa na taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake au pembezoni. Kioo chenyewe hakitoi mwanga, kazi yake ni kuuziba na kuupitisha. Hapo ndipo ulipo udhaifu mkuu wa TV hizi: taa hazizimiki pale picha inapotaka giza, kwa hiyo weusi hutoka kijivu, na usiku ukizima taa ya sebuleni unaona mwanga ukivuja kwenye kingo.

QLED ni LCD hiyohiyo iliyoongezewa tabaka la kukoleza rangi. Rangi hupendeza zaidi, lakini habari ya weusi haibadiliki sana. OLED ni jambo jingine kabisa: kila nukta huwaka na kuzimika yenyewe, hivyo weusi wake ni weusi kweli. Bei yake ni kubwa, na picha isiyosogea, kama nembo ya chaneli, ikikaa mahali pamoja saa nyingi kila siku kwa muda mrefu huweza kuacha kivuli cha kudumu.

Neno 4K kwenye boksi lichunguze. Kuna TV zinazopokea video ya 4K lakini kioo chake ni cha HD ya kawaida. Tafuta namba za kioo chenyewe: 3840 x 2160 ndiyo 4K, 1920 x 1080 ndiyo Full HD, na 1366 x 768 ni HD ya chini, ambayo kwa inchi 32 inatosha vizuri. HDR nayo isikubabaishe kwenye TV ya bei ndogo. Mara nyingi humaanisha tu kwamba TV inaielewa video ya namna hiyo. Mwanga wa kuonyesha tofauti yake TV hiyo haina.

Angalia pia kama imeandikwa DVB-T2. Tangu Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine kufuata kwa awamu, antena peke yake haitoshi. TV yenye DVB-T2 ndani yake inaweza kupokea kwa antena ya kawaida chaneli zisizolipiwa zinazorushwa na mtambo ulio karibu nawe, bila king'amuzi. Kwa anayekaa ndani ya eneo la mtambo, hiyo ni nguvu halisi ya TV. Kwa anayekaa bondeni nyuma ya mawe makubwa ambako mawimbi hayafiki, dishi ndilo jibu, na DVB-T2 haitamsaidia.

Andaa flashi yako mwenyewe

Video inayochezwa dukani imetengenezwa ili kila TV ionekane nzuri: maua, samaki wa rangi, majengo ya usiku. Usiipime TV kwa hiyo. Kuku wa Singida hanunuliwi kabla ya kupapaswa kidari, na TV nayo ipapase kwa vitu unavyovitazama wewe.

Chukua flashi ndogo, uweke picha sita za rangi moja tupu: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na bluu. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kukutengenezea. Ongeza kipande cha mpira wa miguu chenye pasi ndefu, kipande cha taarifa ya habari chenye maandishi yanayopita chini, na kipande cha filamu ya Kitanzania chenye mazungumzo ya usiku au ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Video ziwe za MP4 na picha ziwe za JPEG, zisije zikakataa kufunguka.

Dukani ongea kwa upole lakini usirudi nyuma: "Kaka, naomba uniwekee flashi yangu kwenye hii TV, na ile nitakayoondoka nayo tuifungue tuijaribu hapahapa." Muuzaji anayejiamini hatakataa. Anayekataa kuifungua TV unayoilipia amekupa jibu, na duka la jirani liko wazi.

Kupima kioo, hatua kwa hatua

1. *Ondoa mwonekano wa duka.* Ingia kwenye mipangilio ya picha. Mara nyingi utakuta imewekwa "Vivid" au "Dynamic", ambapo mwanga uko juu kabisa na rangi zimekolezwa hadi majani yanang'aa kama taa. Weka "Standard" au "Movie". Sasa unaiona TV jinsi ilivyo.

2. *Weka picha nyeupe, kisha ya kijivu.* Kioo kizuri kitakuwa na mwanga sawasawa kila mahali. Tafuta mawingu meusi, madoa, mistari ya wima, au pembe zilizofifia. Picha ya kijivu ndiyo inayofichua zaidi. Doa unaloliona hapa ndilo utakaloliona kila mpira unapokuwa upande huo wa uwanja.

3. *Weka picha nyeusi.* Omba taa ya karibu izimwe, au kinga kioo kwa viganja. Mwanga kidogo kwenye pembe ni kawaida kwa LED. Mwanga unaoingia kama kurunzi hadi katikati ni kasoro.

4. *Pitisha nyekundu, kijani na bluu.* Sogea karibu, utafute nukta isiyobadilika rangi pamoja na wenzake. Nukta moja pembeni unaweza kuivumilia ukipunguziwa bei. Nukta katikati usiikubali, kwa sababu waranti nyingi hazibadilishi TV kwa ajili ya nukta moja au mbili.

5. *Tembea.* Simama katikati, kisha sogea kushoto na kulia, kisha keti chini kabisa. Watu wakijaa sebuleni, watoto hukaa kwenye mkeka na wageni hukaa pembeni. Kuna aina mbili kuu za vioo vya LCD. VA ina weusi mzuri lakini hupauka ukiitazama kwa upande. IPS haipauki upesi, ila weusi wake ni wa kijivu. Anayetazama peke yake usiku, VA itamfaa. Nyumba yenye watu wengi waliosambaa, IPS itawatendea haki wote. Huna haja ya kumuuliza muuzaji ni aina gani. Miguu yako itakuambia.

6. *Tazama nyuso.* Hiki ni kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Cheza kile kipande cha filamu cha usiku, uangalie uso wa mtu mweusi akiwa kwenye mwanga hafifu. Je, unaona shavu, kope, jasho la paji la uso? Au uso wote umegeuka kivuli kimoja chenye meno na macho? TV hafifu hulimeza giza lote kwa pamoja, na kwetu sisi hilo lina maana ya kupoteza nusu ya mchezo wa mwigizaji. Jaribu kupandisha mwanga kidogo kwenye mipangilio. Uso ukirudi, ni suala la mpangilio. Kama kinachoongezeka ni ukungu tu na uso haurudi, ni kioo.

7. *Tazama mpira.* Fuata pasi ndefu ya juu. Mpira ukiacha mkia nyuma yake, au majani ya uwanja yakigeuka uji kamera inapokimbia, TV ina mwendo mzito. Atakayenunua TV kwa ajili ya kuitazama Singida Black Stars kwenye Ligi Kuu asiruke hatua hii. Halafu tazama maandishi ya chini ya taarifa ya habari: yanasomeka yakiwa yanakwenda, au yanachanganyikana?

TV ikipita hatua hizi saba, umeshajua sehemu kubwa ya unachokilipia.

Umeme: kinachoua TV nyingi

Geuza TV usome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. TV iliyoandikwa 100–240V inastahimili umeme unaposhuka, na kwa nyumba iliyo mwisho wa laini hiyo ni nguvu kubwa kuliko inchi kumi za nyongeza. Iliyoandikwa 220–240V peke yake inaweza kujizima na kujiwasha jioni nzima, na tabia hiyo huchosha bodi ya umeme.

Umeme unaporudi baada ya kukatika ndio wenye hatari, kwa kuwa unaweza kuja na kishindo. Nunua gadi ya TV, kile kifaa kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya TV. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu haifanyi kazi hiyo, hata muuzaji akisema nini.

Radi haizuiliwi na gadi. Mvua za kwanza zikianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, na chomoa pia waya wa antena au dishi. Wengi huchomoa plagi peke yake wakasahau kwamba dishi lililo juu ya bati nalo ni njia ya kuingilia.

Kuhusu matumizi, tazama wati kwenye kibandiko hichohicho. TV ya LED ya inchi 32 hutumia kama wati 30 hadi 50, ya inchi 43 kama 60 hadi 90, na ya inchi 55 huweza kupita 100. Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. TV ya wati 70 ikiwaka saa sita kwa siku hutumia yuniti 0.42, yaani kama yuniti 12 na nusu kwa mwezi. Kwa mteja mdogo wa nyumbani anayejitahidi asivuke yuniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu, yuniti 12 si kitu cha kupuuza. Kupunguza mwanga wa TV hupunguza matumizi hayo, na taa za nyuma ya kioo hudumu zaidi.

Wanaotumia sola watafute TV ya DC ya volti 12. Ya inchi 24 huweza kutumia wati 20 hivi, na huunganishwa kwenye betri moja kwa moja bila kupoteza umeme kwenye inveta.

Udhaifu usiostahili kukutisha

Sauti ya TV bapa karibu zote ni dhaifu, maana spika nyembamba zimewekwa chini au nyuma. Isikusumbue. Sikiliza tu kama maneno ya mtangazaji yanaeleweka bila kupandisha sauti hadi mwisho. Sabufa utainunua baadaye, hakikisha tu TV ina tundu la kutolea sauti au HDMI yenye maandishi ARC.

Uwezo wa intaneti nao hupandisha bei kuliko unavyostahili. Smart TV yenye RAM ya GB 1 itakuwa nzito baada ya muda mfupi, na programu zake huacha kupokea maboresho wakati kioo bado kizima. Mifumo yenye jina, kama Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung na VIDAA ya Hisense, hudumu vizuri zaidi kuliko Android isiyo na kibali cha Google. Lakini hata TV isiyo na intaneti kabisa hugeuzwa kuwa smart kwa kijisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI. Piga hesabu ya bando pia: saa moja ya video ya HD hula kama GB 3, na ya 4K kama GB 7. Kama intaneti yako ni ya simu, utatumia zaidi king'amuzi.

Matundu yahesabu: HDMI mbili zinatosha king'amuzi na kifaa kimoja zaidi, USB moja ya flashi, na AV ikiwa bado una deki au king'amuzi cha zamani.

TV ya mtumba: chukua tochi

TV iliyotumika inaweza kuwa ununuzi mzuri, ila ichunguze mara mbili. Ulizia ilikuwa wapi. Iliyotoka kwenye kibanda umiza au baa imewaka mchana na usiku, na taa zake zimechoka hata kama boksi la nje linang'aa.

Iwashe, uiache ikiwa imewaka kwa nusu saa kabla ya kuamua, kwa sababu kasoro nyingine hujitokeza ikishapata joto. Picha ikiwa na rangi ya zambarau au bluu isiyoondoka kwa mipangilio, taa za nyuma zimechakaa. Ikitoa sauti bila picha, mulika kioo kwa tochi ukiwa umeinamisha mkono. Ukiona picha hafifu ikicheza gizani, kioo ni kizima na taa ndizo zilizokufa. Fundi mzuri hubadilisha stripu za taa kwa gharama inayovumilika, hivyo TV hiyo unaweza kuichukua kwa bei ya chini. Ukiona mistari ya wima isiyobadilika, au nusu ya kioo imetofautiana na nusu nyingine, iache. Ugonjwa huo ni wa kioo chenyewe.

Soma kibandiko cha nyuma kwa makini zaidi. TV iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu, na ya Japani volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi zetu moja kwa moja inaungua papo hapo. Kipokezi chake cha mawimbi pia hakielewi DVB-T2, ingawa king'amuzi kwa HDMI kitafanya kazi. TV za plasma waachie wengine: kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza kufikia mwaka 2014, zinakula wati 200 na zaidi, na spea zake ni adimu.

Karatasi na safari

Dai risiti ya EFD yenye kiasi kamili ulicholipa. Kadi ya waranti igongwe muhuri, iandikwe tarehe na namba ya TV iliyo kwenye kibandiko, na namba hiyo ifanane na ya kwenye boksi. Tazama alama ya TBS. Uliza swali moja muhimu: ikiharibika, inatengenezwa Singida au inapelekwa Dodoma au Dar es Salaam, na nauli ni ya nani? Waranti ya miaka miwili ambayo fundi wake yuko mbali usikokwenda inakusaidia kidogo kuliko ya mwaka mmoja iliyo mjini kwako.

Bei ya Kariakoo huvutia, lakini kati yake na Singida kuna karibu kilomita 700, na kioo kilichopasuka njiani hakuna waranti inayokilipa. Ukiagiza, TV isafiri imesimama wima, kamwe isilazwe, na isiwekewe mzigo juu. Ikifika, ifungue na kuiwasha mbele ya aliyeileta kabla hujatia saini. Hali kadhalika kwenye bajaji na bodaboda: mtu aishike ikiwa imesimama.

Wiki ya kwanza nyumbani

Unganisha king'amuzi kwa waya wa HDMI. Wengi hutumia zile waya tatu za nyekundu, nyeupe na njano, kisha wanailaumu TV mpya kwa picha yenye ukungu. Ingia pia kwenye mipangilio ya king'amuzi, chagua 1080 au kiwango cha juu kilichopo, na umbo la 16:9 ili watu wasinenepe.

Usiitundike kwenye ukuta wa tofali za udongo au wa tembe. Bolti zitalegea taratibu. Meza imara yafaa zaidi, na kama kuna watoto, ifunge kwa kamba nyuma. Acha nafasi ya kiganja kila upande ipumue, maana bati la mchana hukusanya joto. Upepo wa kiangazi wa Singida huleta vumbi jembamba linaloziba matundu ya nyuma: lifute kwa brashi laini TV ikiwa imechomolewa. Kioo kifute kwa kitambaa laini kikavu, bila sabuni, spiriti wala petroli, na usikikandamize.

Katika siku hizo saba iwashe kwa saa nyingi, mchana na usiku, urudie picha ya kijivu na ile nyeusi. Kasoro za kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema, na ni rahisi kubadilishiwa TV wakati risiti bado mpya kuliko baada ya miezi sita ya mabishano.

Ukijikuta dukani mbele ya TV mbili za bei moja, moja ya inchi 50 yenye mawingu kwenye kijivu na uso wa mtu unaopotea gizani, nyingine ya inchi 43 yenye kioo safi na kibandiko cha 100–240V, chukua ya 43. Sabufa, kijisanduku cha intaneti na waya mpya utavinunua mavuno yajayo. Kioo ulichokilipia leo ndicho familia yako itakachokitazama kwa miaka yote.